Goti la Nafula

Nekesa, mama,

Kosa tunalolifanya wengi, wazazi na walimu wa michezo pia, ni kudhani kwamba msichana akishaonekana ana kipaji katika mchezo mmoja, michezo mingine yote inageuka kuwa wezi. Kila saa anayokaa kwenye uwanja wa voliboli tunaihesabu kuwa saa iliyoibwa kutoka kwa kandanda. Basi tunawafukuza wezi. Tunamfungia binti ndani ya mchezo mmoja mwaka mzima, na jambo hilo tunaliita kumjali. Mimi nililifanya kosa hilo kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana wiki iliyopita, uliponiambia habari za shule yako mpya, niliondoka mezani nikasema nakwenda kuwaangalizia ng'ombe maji.

Ng'ombe walikuwa na maji.

Ulisema kocha wa huko amekueleza kwamba wasichana wake wanacheza kandanda tu, asubuhi na jioni, mihula yote mitatu, na kwamba hataki kumwona mchezaji wake kwenye handiboli wala kwenye mbio. Ukaniambia, "Nimeshamwambia sawa, Baba. Si hiyo ndiyo njia ya kufika mbali?" Mama yako akacheka, akasema hata tumboni ulikuwa unapiga mateke kama mtu anayetafuta namba kwenye timu. Kesho asubuhi unaondoka hapa Kitale kwenda ng'ambo ya Bungoma kuanza Gredi ya Kumi, na swali lako bado sijalijibu. Sasa hivi mmekwenda mjini kutafuta ndoo na soksi, nyumba imetulia, na nimeketi nikujibu.

Mambo ya sabuni, ya kuamka mapema na ya kuchagua marafiki nakuachia na mama yako, ambaye ameyasema yote mara mbili. Mimi nitakuandikia kuhusu mtu ambaye sijawahi kumtaja ndani ya nyumba hii.

Unaijua ile picha iliyo kwenye kabati, mimi nikiwa na nywele nyeusi na wasichana kumi na sita wakiwa na kombe. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini yule wa mwisho kulia hatazami kamera. Nilikujibu kwamba alikuwa mchezaji mmoja tu. Anaitwa Nafula. Anatazama kando kwa sababu nyuma ya mpiga picha wasichana wengine walikuwa wanacheza handiboli ya kujifurahisha.

Hayo yalikuwa kabla hujazaliwa. Nilikuwa nafundisha Biolojia katika shule ya wasichana kule Kabuchai, katikati ya miwa, na kwa kuwa niliupenda mpira nilikabidhiwa timu ya kandanda. Nafula alikuwa mtoto wa hapa Kitale, wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo. Alilelewa na nyanya yake aliyeuza sukuma wiki kando ya barabara. Nilimwona akicheza na wavulana likizo moja, bila viatu, akiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa na namna ya kusimama juu ya mpira kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu beki akisogea kumnyang'anya, hayupo. Nilikwenda kwa nyanya yake siku hiyo hiyo. Shule yetu ikampokea kwa ajili ya mpira, na kila mtu alilijua hilo, kuanzia mwalimu mkuu hadi mpishi.

Lazima nikueleze hila yangu ya siku hizo, kwa sababu niliionea fahari sana. Unajua ratiba ya shule zetu: muhula wa kwanza ni wa handiboli, vikapu, magongo na riadha, kisha muhula wa pili ndio kandanda, voliboli na netiboli. Aliyeipanga hivyo huenda aliwaza tu habari za viwanja na mabasi. Lakini ndani yake mlikuwa na busara ambayo sikuiona: iliulazimisha mwili wa mtoto kubadilisha kazi. Mimi nilijiona mwerevu kuliko ratiba. Nilisema wenzetu wakiwa kwenye handiboli, sisi tutakuwa kwenye kandanda. Muhula wa pili ukifika, miguu yao itakuwa ndiyo kwanza inaamka na yetu tayari iko moto. Nikawakataza wasichana wangu michezo yote ya muhula wa kwanza. Na tulishinda, Nekesa. Siwezi kukudanganya kwamba hatukushinda. Kombe lile kwenye picha si la kuazima.

Nafula aliipenda handiboli. Alikuwa kipa, na kwenye lile goli dogo alikuwa mtu mwingine. Kwenye kandanda alicheza kama mtu aliye kazini, uso umekaza. Kwenye handiboli alicheka, aliwatania wapigaji, aliruka kwa mikono na miguu kama chura. Muhula wa kwanza akiwa Kidato cha Pili nilisikia amekuwa akinitoroka, anakwenda kule baada ya mazoezi yetu. Nilimfuata, nikamtoa golini kwa kumwashiria kwa kidole tu, nikampeleka maabara. Wenzake walitufuata wakajipanga dirishani.

"Nafula, uliletwa hapa kufanya nini?"

"Kusoma, Mwalimu."

Dirisha lote likacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza tena, akatazama chini.

"Mpira."

"Mpira upi?"

"Ule wa miguu." Halafu akaongeza polepole, "Lakini Mwalimu, huu wa mikono ndio unanipumzisha."

Nilimwambia achague. Fikiria hilo neno, mama. Mtoto aliyetolewa Kipsongo na kupewa kitanda, sare na sahani, anaambiwa achague na mtu yule yule aliyempa. Alichagua haraka, na nikamsifu kwa busara yake.

Sasa nitakueleza jambo kama mwalimu, univumilie. Msichana anapokua, mifupa ya miguu hurefuka kwanza na misuli hufuata nyuma. Nyonga hupanuka, na paja huanza kulifikia goti kwa pembe tofauti na ile ya utotoni. Ndani ya goti kuna kano fupi linalozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Katika miaka hiyo mwili lazima ujifunze upya kutua, kusimama ghafla na kugeuka. Michezo mbalimbali huufundisha kwa njia mbalimbali: voliboli kutua kwa miguu miwili, kipa wa handiboli kuruka pembeni, riadha kunyooka. Ukicheza kandanda tu, mwezi hadi mwezi, unaugeuza mwili kwa namna ile ile, juu ya mguu ule ule, na hakuna siku ambayo mguu huo unaambiwa kaa kando, mwingine ufanye kazi.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyachora ubaoni kwa chaki za rangi. Saa nane mchana nilikuwa nikifundisha goti darasani, na saa kumi nilikuwa nikilichosha uwanjani, tena goti la mwanafunzi aliyenakili mchoro wangu vizuri kuliko wote.

Mwaka uliofuata akaanza kukaa nyuma darasani ili anyooshe mguu juu ya benchi. Nilidhani ni ukaidi. Siku moja baada ya mazoezi aliniambia goti linamsumbua kidogo. Nikampa dawa ya kuchua na bendeji, nikamwambia hakuna mchezaji asiyeumwa. Akasema, "Basi leo nimekuwa mchezaji," tukacheka wote wawili. Hicho kicheko ni kimoja kati ya vitu ninavyovisikia hadi leo.

Kingine ni hiki. Ilikuwa muhula wa pili, nusu fainali, katika uwanja mmoja pale Bungoma. Mpira ulikuwa kwenye kona, na Nafula alikuwa peke yake. Hakuna aliyemgusa. Aligeuka tu, kama alivyogeuka maelfu ya mara mbele yangu, nami nikiwa karibu kiasi cha kuona matope kwenye soksi yake. Nikasikia mlio, mkavu, kama bua la mahindi linalokanyagwa. Refa hakupuliza filimbi kwa sababu hapakuwa na kosa la kupulizia. Mchezo ukaendelea. Nafula alikuwa ameketi chini, na hakulitazama goti. Alinitazama mimi.

"Mwalimu, nimefanya nini?"

Aliuliza hivyo. Hakulia wala kusema anaumia. Aliuliza kama mtu anayetaka kusahihishiwa daftari.

Na mimi, Nekesa, sikumjibu. Dakika zilikuwa zimebaki chache na tulikuwa sare. Nilimuuliza, "Unaweza kusimama?" Akajaribu kusimama. Alijaribu kwa sababu niliuliza mimi, na mguu ukamkataa mbele ya uwanja mzima.

Daktari alisema kano la ndani limekatika. Kulitengeneza kulihitaji safari na miezi ambayo hakuna mtu aliyekuwa tayari kuishughulikia. Kilichofuata nakisema kwa aibu zaidi kuliko yote. Wiki chache baadaye tulikutana kama walimu kujadili wanafunzi waliopokelewa kwa ajili ya michezo. Mtu mmoja akasema mtoto huyu sasa hachezi, nafasi yake wapewe wengine. Nilitegemea mtu aseme kwamba Nafula alikuwa pia mwanafunzi, tena wa tatu katika somo langu. Nilitegemea mtu mwingine aseme, kwa sababu mimi nilikuwa katibu wa mkutano na mikono yangu ilikuwa inaandika. Niliandika kwamba hatarudi muhula wa tatu. Mwandiko ulikuwa mzuri, kama huu.

Nilimrudisha Kipsongo mwenyewe. Nyanya yake alinipa kiti, akaniletea chai, akanitazama nikiinywa yote. Halafu akasema, "Mwarimu, wewe ni mtu wa shamba. Hata shamba unaliachaga mwaka moja lipumue. Huyu mtoto mlimlima kila musimu." Hakupandisha sauti.

Mwaka uliofuata niliomba kuondolewa kwenye michezo. Mama yako anaamini ni kwa sababu ya mgongo. Utakuwa umeona pia kwamba wakati wa kuvuna, watu wakianza kukata mahindi, mimi hupata kazi ya kufanya mjini. Si uvivu, mama. Kila bua linalovunjika, mtu ananiuliza amefanya nini.

Nikuambie pia nisilolijua, kwa sababu mwalimu anayeficha asichokijua ni mbaya kuliko asiyejua. Sijui kama handiboli ingemwokoa. Wako wasichana waliocheza kila mchezo na magoti yao yakakatika, na wako waliocheza kandanda tu tangu utotoni na leo wanatembea wima. Labda lingekatika hata hivyo. Hilo ndilo linalonirudia: sitajua kamwe, kwa sababu ile njia nyingine niliifunga mimi, na yeye alikuwa amesimama mlangoni akiniambia kwamba inampumzisha.

Kwa miaka mingi nilipita Misikhu bila kushuka, maana nilikuwa nimesikia anafanyia biashara pale sokoni. Mwaka juzi nikitoka mazishini nilijilazimisha. Nilimkuta kwenye kibanda cha nguo za mitumba, mwanamke mzima, mnene kidogo, anatembea kwa kuuvuta mguu kama anayevuta kiti. Aliniona kabla sijamwona vizuri.

"Mwalimu, umezeeka bana. Ama ni mimi nimekuwa mrefu?"

Akaniuzia hili koti la kahawia mnalolicheka. Akawaambia wenzake wa vibanda vya jirani kwamba huyu mzee ndiye alimfundisha kukimbia, na ndiye sababu sasa anauza akiwa ameketi, nao wakacheka, naye akacheka kuwashinda. Nilipowaona wamerudi kwa wateja wao nikamwomba msamaha. Niliyasema yote, hata ya mkutano. Alikuwa anakunja sketi, na akaendelea kuikunja.

"Goti nilishakusamehea, Mwalimu. Goti ni nyama." Akaiweka sketi juu ya nyingine. "Unajua nini iliniuma? Goti lilipokufa, sikuwa najua kitu kingine. Wale wenzangu waliocheza voliboli, wakiumia huku wanaenda kule. Mimi hata kucheza sikuwa najua tena. Nilikuwa najua kushinda tu."

Sikuwa nimeliona hilo. Miaka yote nilidhani hatia yangu iko ndani ya kano moja, na kumbe ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Nilikuwa nimechukua msichana mwenye vitu vingi, kicheko, utani, mikono ya kipa, nikamchonga mpaka akabaki kitu kimoja, na hicho kimoja kilipovunjika hakukuwa na mahali pa kurudi ila Kipsongo.

Sasa nije kwako, maana nimezunguka vya kutosha.

Jumapili iliyopita kanisani, wakati wa maombi, watu wote walipiga magoti. Wewe uliketi kwenye ukingo wa benchi, ukainamisha kichwa chini sana ili tusione kwamba umeketi. Mimi niliona. Alhamisi ulipokuwa unapiga deki sebuleni, ulivuta kigoda ukaketi badala ya kuchutama. Nilipokuuliza ukasema ni mazoezi ya likizo, ni kawaida. Ulisema kwa wepesi, huku unatabasamu, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Kwa siku kumi, tangu uliponiambia habari za kocha, nimenyamaza ndani ya nyumba yangu kama nilivyonyamaza kwenye ule mkutano, nikingoja mtu mwingine aseme.

Sitakukataza kandanda. Ninapokuona ukipokea mpira kwa kifua najua kitu hicho ni chako, na si mimi niliyekupa. Sitakulazimisha handiboli pia, kwa sababu nitakuwa nimemfanyia Nekesa nilichomfanyia Nafula, mchezo tu ndio utakuwa mwingine. Goti linalouma, tena, halitibiwi kwa kubadilisha mchezo. Hupumzishwa na kuonwa na mtu anayelijua, ndipo tuzungumze habari za michezo. Lakini ukiniuliza kama hiyo ndiyo njia ya kufika mbali, jibu langu ni kwamba sijawahi kuona mtu aliyefika mbali kwa sababu alikatazwa kucheza. Wewe una mbio zako, una handiboli yako, una ile kamba unayoruka na watoto wa jirani mpaka wao wanachoka. Yule aliyekuambia uviache vyote si mtu mbaya. Namfahamu vizuri sana. Nimewahi kuwa yeye, na nilikuwa nawapenda wale wasichana.

Kwa hiyo kuna kitu kimoja ninachotaka ukisikilize kwa makini kuliko maneno yote ya barua hii, nacho ni swali lake la kwanza. Ukimwambia kwamba goti lako linauma, atauliza kitu. Akiuliza limeanza lini, au linauma ukifanya nini, huyo ni mtu wa kuzungumza naye. Mwambie pia kwamba ile sawa uliyompa uliitoa haraka, na kwamba muhula wa kwanza ungependa handiboli. Mtaelewana, hata kama si siku hiyo hiyo. Lakini akiuliza kama utaweza kucheza Jumamosi, basi umekutana na baba yako wa miaka ile. Uniambie papo hapo, bila kuona haya na bila kufikiria kilichokwisha kununuliwa. Tutalifungua sanduku, na Jumatatu mimi na wewe tutatafuta shule nyingine, hata ikiwa ya hapa karibu, isiyo na kombe hata moja. Mama yako atalalamika juu ya ndoo. Mwache, hilo nitalibeba mimi.

Sitaki uyafanye haya kesho ukiwa tayari umefika, umevaa sare yao, umeonyeshwa kitanda, na yeye amesimama mbele yako. Mtu aliyekwisha kupewa kitanda huchagua haraka mno.

Simu yangu nimeiacha juu ya meza. Mpigie kocha leo, kabla hatujaketi kula, umwambie goti lako linauma.